Appalachian Trail kwa vipande: maneno ya watu na ukweli wenyewe

Kuna watu ukiwaambia unatembea Appalachian Trail, ile njia ndefu ya miguu ya milimani mashariki mwa Marekani, kidogo kidogo, wiki mbili mwaka huu, siku kumi mwakani, wanakuangalia kama mtu aliyeingia uwanjani dakika za lala salama afu anadai kacheza mechi. Kwao aliyetembea ni yule tu aliyeondoka Springer Mountain kule Georgia akaenda kutokea mlima Katahdin kule Maine kwa mkupuo mmoja, kilomita kama 3,500 hivi, majimbo 14, miezi mitano mpaka saba. Sawa, ni kazi kubwa hiyo, hakuna anayebisha. Ila mengi yanayosemwa kuhusu sie wa vipande hayana miguu.

Dhana: Wa vipande huwa hajamaliza njia.

Hii ndo naisikia kuliko zote. Appalachian Trail Conservancy, shirika linaloitunza njia, ambao ndo wanaandikisha waliomaliza, wanawaweka wote kundi moja, watu wa maili 2,000. Hawaulizi ulielekea kaskazini au kusini, ulianzia katikati au mwisho, wala ulichukua miaka mingapi. Ukitaka kuhesabiwa wa mkupuo ndo unatakiwa uwe umemaliza ndani ya miezi 12, basi, tofauti ni hiyo tu. Hakuna anayekufuata nyuma kukuhakiki, wanakuamini kwa neno lako.

Na sasa wale wanaosema kwa vipande ni mtindo wa wavivu wa siku hizi, waisome historia kidogo. Mtu wa kwanza kutambuliwa kwamba kaitembea yote ni Myron Avery, akamaliza mwaka 1936, na aliitembea kwa vipande, miaka na miaka, huku anasukuma gurudumu la kupimia umbali! Njia yenyewe ilikuwa haijafunguliwa yote, ilikuja kukamilika 1937. Earl Shaffer, anayetajwa kuwa wa kwanza kwa mkupuo, ni 1948, miaka 12 baadaye. Afu kuna bibi Emma Gatewood ambaye kila mtu anampenda kumtaja, aliimaliza 1955 akiwa na miaka 67, akarudia 1957. Wanachosahau kusema ni kwamba ya tatu, aliyoikamilisha 1964, aliitembea kwa vipande. Nani atamwambia yule bibi kwamba ya tatu haihesabiki?

Dhana: Njia ilitengenezwa ili mtu aipige yote kwa mara moja.

Hapana. Benton MacKaye, aliyetoa wazo la njia hii, alipoandika pendekezo lake mwaka 1921 alikuwa anawaza watu waliochoshwa na kazi za mjini wapate mahali pa kwenda milimani, kupumua na kupiga kambi. Hata leo wanaoikanyaga kwa mwaka ni mamilioni, wanaojaribu kuimaliza ndani ya mwaka mmoja ni maelfu machache tu.

Dhana: Kwa vipande ni rahisi mwilini.

Hapa ndo napenda kubishana. Mtu wa mkupuo anateseka wiki za mwanzo, malengelenge, magoti, mabega, afu mwili unazoea, miguu inakuwa migumu, na akifika Virginia anakata kilomita 30 kwa siku bila kulalamika sana. Wewe wa vipande unateseka zile zile siku za mwanzo, mwili ndo kwanza unaanza kukubali, likizo imeisha, unarudi kukaa kwenye kiti miezi kumi na moja, na mwakani unaanza upya kabisa. Yaani unalipa kiingilio kila safari.

Na kuna sehemu hilo linauma kweli. Aliyetoka Georgia anafika White Mountains za New Hampshire akiwa na miezi ya kutembea miguuni. Wewe unashuka kwenye gari na kupandisha siku hiyo hiyo, na ule mlima Washington wa mita 1,917 unajulikana kwa hali ya hewa mbaya, upepo na baridi hata majira ya joto. Mbele kidogo, Maine, kuna Mahoosuc Notch, korongo la kama kilomita moja na nusu limejaa mawe makubwa unayopita juu, katikati na chini yake, kuna watu linawala masaa kadhaa. Kwa hiyo ushauri wangu ni siku mbili tatu za kwanza usishindane na mtu yeyote, kilomita 12 au 15 zinatosha, na sehemu ngumu usiziweke mwanzo wa safari kama una namna ya kuanzia kwingine.

Ila nisiwe mchoyo, wa mkupuo nao wana yao. Uchovu unajilimbikiza, wanakonda, wanachoka akili, na wanaoanza wakamaliza ni kama mmoja kati ya wanne. Wewe goti likivimba unaenda nyumbani linapona, njia ipo pale pale.

Dhana: Kwa vipande ni bei poa.

Safari moja moja ndiyo, jumla sasa! Kila kipande kina nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na mtu wa kukufikisha pale njia inapokata barabara, na kadri unavyomaliza vya karibu, vinavyobaki ni vya mbali tu. Kinachosaidia ni kuchukua vipande virefu, na kupanga viishie penye usafiri wa umma. Mji wa Harpers Ferry, West Virginia, kuna treni ya Amtrak, na jimbo la New York kuna kituo cha treni za Metro-North kinaitwa kabisa Appalachian Trail, kipo pale njia inapopita, ila treni zinazosimama hapo ni chache, kwa hiyo angalia ratiba kwanza.

Dhana: Huhitaji mipango, ni matembezi tu.

Mara nyingi unahitaji mipango zaidi ya wao. Mfano hifadhi ya Great Smoky Mountains, ambayo njia inapita ndani yake, aliyeanza na atakayemalizia angalau kilomita 80 nje ya hifadhi anapata kibali chake bila kutaja atalala wapi usiku gani, wewe lazima ushike nafasi ya kibanda au kambi kwa kila usiku, na ukichelewa njiani ratiba yote inayumba. Kwenye Pacific Crest Trail pia, njia nyingine ndefu kule magharibi mwa Marekani, kile kibali kimoja cha safari ndefu ni cha wanaotembea kilomita 800 na zaidi mfululizo, chini ya hapo unatafuta vya sehemu moja moja.

Faida yako ni kuchagua majira. Maua ya Roan Highlands, milima ya mpakani mwa Tennessee na North Carolina, yanachanua kuanzia katikati ya Juni kwenda mwisho, wakati huo wengi waliotoka Georgia wameshapita zamani. Maine hali kadhalika, wewe huna presha ya kuwahi Katahdin kabla ya katikati ya Oktoba, unaenda Agosti zako.

Kitu kimoja cha kuzingatia: andika kila unapoishia, barabara gani, kibanda gani, upande upi wa barabara. Kipande cha kilomita mbili ulichokiruka kwa sababu gari lilikuchukua mahali pengine ni kidogo leo, ila miaka ikipita utakuja kupanda ndege kwa ajili yake.