Kabla ya Kuomba Vidonge vya Usingizi: Maelezo kwa Wakazi wa Lamu

Kila inapokaribia tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, ambayo imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 1992, sisi wa kitengo cha afya ya akili huombwa tuzungumze na wananchi juu ya utulivu wa nafsi. Safari hii nimeona niandike, kwa sababu ombi tunalolisikia kliniki kuliko yote ni lile lile: "Niandikie vidonge vya usingizi." Mwombaji huwa ameshatajiwa jina la dawa na jirani, na mara nyingine huja na kidonge kimoja alichokifunga ndani ya kipande cha gazeti, kiwe kielelezo.

Hatumnyimi mtu dawa kwa ubaya. Diazepamu, kidonge cha kutuliza na kuleta usingizi, na ndugu zake ni dawa za muda mfupi, kwa kawaida wiki 2 hadi 4, na zikizidi hapo mwili huzizoea, kipimo cha jana hakitoshi leo, na mtu aliyezitumia kwa miezi akiziacha ghafla anaweza kutetemeka, kukosa usingizi kuliko mwanzo, hata kuanguka kifafa. Kwa wazee kuna hatari ya pili, nayo ni kuamka usiku wa manane na kichwa kizito kisha kushuka ngazi za nyumba zetu za mawe, ambazo kila aliyelelewa mtaa wa Mkomani anajua zilivyosimama wima.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Cheti cha dawa, yaani ile karatasi ya daktari, huandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa, hutiwa sahihi na tarehe, hutajwa jina la mgonjwa, jina la dawa, kipimo chake na idadi ya vidonge vyote, na sisi huiandika idadi hiyo kwa tarakimu na kwa maneno. Cheti kimoja ni cha mgonjwa mmoja, hakiazimwi. Idadi tunaiandika mara mbili kwa sababu wapo waliojaribu kuongeza sufuri moja kwa kalamu yao ili 10 ziwe 100. Huko ni kughushi hati, kosa ambalo kifungu cha 349 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kinaliwekea kifungo cha hadi miaka 3, na kifungu cha 353 kinamfikisha kwenye adhabu hiyo hiyo anayeitumia hati akijua kuwa ni ya uongo, hata ikiwa kalamu haikuwa yake. Kusema "nimetumwa tu na shangazi" si utetezi, kwa mwenye kujua alichokibeba.

Baada ya hayo, mtu hushangaa ninapoweka kalamu chini na kumuuliza swali ambalo huliona la kipuuzi: baina ya Alasiri na Isha, wewe hufanya nini?

Nahodha mmoja mstaafu aliniruhusu nimtaje, nami nimeyaacha yanayoweza kumtambulisha. Alilalamika kuwa hapati usingizi mpaka karibu na adhana ya Alfajiri. Nilipomuuliza swali langu alijibu, "Sifanyi neno, mwanangu." Na kabla ya hapo? Kabla ya hapo alikuwa akiketi ukingoni mwa maji, akiyatazama majahazi na mashua yakirejea, na kila chombo alikitambua kwa tanga lake kabla hakijafika karibu, huku muuza kahawa akipita na buli lake juu ya makaa akigonganisha vikombe. Alipohamia kwa mwanawe, nyuma ya mji, aliacha kwenda, kwa sababu aliona haya kuonekana amekaa bure. Jioni zake zikawa za chumbani, na simu. Niliandika kwenye karatasi: "Alasiri, ukingoni mwa maji, kutambua matanga, kila siku." Aliipeleka duka la dawa, na mwenye duka akamrudisha kwangu aulize hiyo inapatikana wapi. Tulicheka sana siku hiyo. Majuma machache baadaye hakuwa analala kama kijana, lakini alikuwa analala, na hakuniuliza tena habari ya vidonge.

Nasema waziwazi kwamba nimechoka kuambiwa haya ni mambo ya wasio na kazi. Baraza za mawe mbele ya milango yetu hazikujengwa na wavivu. Wafanyabiashara ndio waliozijenga. Mwili hauna saa ya ukutani ya kuujulisha kuwa kazi imekwisha, na hujulishwa kwa mambo madogo yanayorudi kila siku kwa mpangilio wake: mwanga kupungua, hatua kuwa za polepole, pumzi kurefuka, mtu kumsikiliza mwenzake badala ya kusikiliza hesabu za kichwani mwake. Pumzi inapotolewa taratibu, mapigo ya moyo nayo hupungua kasi. Anayemwona mtu akishusha pumzi ndefu barazani baada ya funda la kwanza la kahawa aelewe kuwa amekwisha kuyaona matibabu.

Tukiitaja kahawa, nitawaudhi wengi. Kafeini huchukua kama saa 5 mwilini kupungua hadi nusu, kwa hiyo kikombe cha saa 2:30 usiku huwa bado kina nusu ya nguvu yake saa 7:30, wakati mnywaji anahesabu boriti za dari na kumlaumu shetani. Sisemi kahawa iachwe. Anayesema hivyo hapa Amu, yaani Lamu, atafute mji mwingine. Nasema inywewe Alasiri, na baada ya Maghribi buli lipikiwe tangawizi peke yake. Mtu atapata moto ule ule mkononi, gumzo lile lile, na kashata ile ile.

Kutembea nako kumesahauliwa katika mji ambao karibu hauna magari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kutoka mjini hadi kijiji cha Shela kwa njia ya pwani ni kiasi cha kilomita 3, dakika 40 hivi kwa mtu asiye na haraka, basi anayekwenda mara nne kwa wiki ameshatimiza, hata akirudi kwa mashua. Aangalie tu maji, kwani wakati wa bamvua, yaani maji makuu, bahari hupanda hadi njiani.

Kwa kina mama, ambao mara nyingi huniambia hawana nafasi ya baraza wala ukingo wa maji, sitoi somo, kwa kuwa mengine wao ndio walionifunza. Nilimtazama mmoja akitunga kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia: asumini ilichumwa ikiwa bado imefumba, mkono ukachagua ua baada ya ua, ukalipitisha uzi, ukaongeza rihani, na kwa muda wote huo hakuitazama simu iliyokuwa ikimlilia kando ya goti. Aliniambia harufu huanza yenyewe usiku, maua yanapofunguka. Mimi hujaribu kushona kofia, kazi ya vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi, na kofia yangu ya kwanza ina miaka mingi haijaisha. Hilo si hoja. Kazi ya mkono inayorudiarudia huyakalisha mawazo mahali pamoja, na ndiyo maana kumrejesha mgonjwa wa sonona, yaani maradhi ya huzuni isiyoinuka, katika shughuli zilizokuwa zikimpendeza ni sehemu ya tiba inayotambuliwa, wala si ushauri wa bibi peke yake.

Hata hivyo, isije ikasemwa kwamba ofisi imewaambia wagonjwa wakakae barazani wapone. Raha hizi ndogo zina kazi ya pili, ambayo kwangu ni kubwa zaidi: hutuonyesha maradhi. Mwenye huzuni ya kawaida huambiwa halwa imekuja, akala kidogo, akaionja. Mwenye sonona huila kama anayetafuna karatasi. Ikiwa kwa wiki 2 mfululizo, karibu kila siku, yaliyokuwa yakikupendeza hayana ladha tena, au moyo ni mzito tu bila kuinuka, usiongeze juhudi ya kujifurahisha wala usilaumu imani yako, njoo kliniki. Na yeyote anayewaza kujidhuru asingoje wiki 2 wala siku 2. Aje siku hiyo hiyo pamoja na mtu anayemwamini, usiku aende chumba cha dharura. Hospitali si ya wendawazimu, neno ambalo ningependa lisisikike tena kwenye foleni yetu.

Anayekuja aje na vidonge vyake vyote vilivyobaki, hata kama alivinunua pasipo karatasi. Asivitupe baharini na asiviache ghafla kabla hajatuona. Hatumwiti polisi kwa hilo. Tunavihesabu pamoja naye mezani, tunapanga namna ya kuvipunguza kimoja kimoja, kisha tunamuuliza habari za jioni zake.