Kabla ya Kusikiliza Injini, Chuchumaa Utazame Tairi

Jumamosi moja jioni, pale Coco Beach, jamaa mmoja alinipungia mkono nisimame. Anaijua kazi yangu: ninafundisha wakaguzi wa magari, na mara nyingine huitwa kusaidia kusoma mabaki baada ya ajali. Alikuwa ameegesha ndinga yake, ya Kijerumani, milango miwili, imelala chini kiasi kwamba tuta la kwanza la mtaani lingeikwangua tumbo. Vijana kama kumi walikuwa wameizunguka, simu juu. "Injinia, hebu sikiliza kwanza huu mlio," akasema, akakanyaga mafuta gari likiwa limesimama. Mlio ulikuwa mtamu, sikatai. Mimi nikachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma.

Ubavuni mwa tairi kuna maandishi yanayoanza na herufi DOT, na mwisho wake zipo tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wakati mwingine zimeandikwa upande wa ndani tu, basi inabidi uinamie uvunguni na tochi ya simu. Lake lilisomeka 3813, yaani limetengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2013. Gari zima lilikuwa limetembea kilomita 19,000 tu tangu litoke kiwandani. "Lakini kashata zote bado zipo," akanijibu, yaani ile michongo ya mpira inayokanyaga lami haijasagika. Kweli zilikuwapo, na hapo ndipo penye mtego.

Gari linalotumika kila siku kwenda Kariakoo na kurudi humaliza tairi kwa kusuguliwa. Mwenye gari anaona kipara, anabadilisha. Supakaa, yaani gari la kasi kama lile la jamaa, haisuguliwi. Inakaa gereji Masaki siku sita, inatolewa ya saba. Mpira wake unazeeka kimyakimya kwa joto na hewa, unakuwa mgumu, unapoteza mnato, na nyuzi za chuma zilizomo ndani zinaanza kuachana na mpira bila dalili yoyote nje. Kampuni kubwa kama Michelin hushauri tairi liondolewe likitimiza miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama linaonekana jipya. Kwa gari linaloweza kupita kilomita 250 kwa saa, mimi binafsi nisingesubiri nusu ya miaka hiyo, hasa kwa jua la hapa.

Tarehe 30 Novemba 2013, huko Santa Clarita, California, Porsche Carrera GT ya mwaka 2005 iliacha njia, ikagonga nguzo na miti, ikawaka moto. Ndani alikuwamo mwigizaji Paul Walker na rafiki yake Roger Rodas, aliyekuwa akiendesha. Wote wawili walifariki. Watu walisema mengi, wengine wakadai gari lilikuwa bovu. Wachunguzi hawakukuta hitilafu ya mitambo. Walichokuta ni mwendo wa kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa kwenye barabara inayoruhusu kama 72, na matairi yenye umri wa miaka tisa. Lile gari lina nguvu zaidi ya farasi 600 na halina ule mfumo wa kompyuta unaorekebisha gari linapoanza kuchapa mkia. Kila kitu kilitegemea mpira, na mpira ulikuwa umezeeka.

Wapenzi wa mpira wa miguu wana mifano iliyo karibu zaidi na mioyo yao. José Antonio Reyes, yule winga wa Arsenal iliyomaliza msimu wa 2003/04 bila kupoteza mechi kwenye ligi, alifariki tarehe 1 Juni 2019 karibu na Utrera, Uhispania. Tairi la Mercedes yake lilipasuka akiwa kasi sana, na uchunguzi uligusia jambo ambalo huwa narudia kwa kila darasa langu: upepo ulikuwa umepungua, kwa sababu gari lilikuwa limekaa muda mrefu bila kutumika. Na Diogo Jota wa Liverpool, usiku wa kuamkia tarehe 3 Julai 2025, siku 11 tu baada ya harusi yake. Alikuwa na mdogo wake André Silva ndani ya Lamborghini, barabara ya A-52 mkoani Zamora. Tairi lilipasuka wakiwa wanalipita gari lingine, gari lao likatoka njiani na kuteketea. Polisi wa Uhispania walisema dalili zinaelekeza kwenye mwendo uliozidi ule unaoruhusiwa. Hapa Dar watu walilia kama wamefiwa na ndugu. Sikusikia wengi wakienda kupima upepo wa matairi yao kesho yake.

Kwa nini upepo mdogo uue? Tairi lenye upepo pungufu linabonyea pale linapokanyaga lami, kisha linanyooka linapoachia. Chukua tairi la kawaida ambalo mzunguko wake ni kama mita mbili na kidogo. Kwa kilomita 180 kwa saa, gari linakwenda mita 50 kila sekunde, kwa hiyo kila kipande cha ubavu wa tairi kinakunjwa na kunyooshwa mara 24 hivi ndani ya sekunde moja. Chukua waya mwembamba uupinde mbele na nyuma haraka haraka, utaona unavyopata moto kabla haujakatika. Ndicho kinachotokea ndani ya mpira. Sasa ongeza joto la lami ya Dar mwezi wa Februari saa nane mchana, lami ambayo ukiikanyaga peku utaruka. Tairi halipasuki kwa bahati mbaya, limekuwa likipikwa tangu Mwenge.

Tena tairi hizi za supakaa, zenye ubavu mfupi, haziwezi kupimwa kwa jicho, wala kwa lile teke maarufu la wapiga debe. Likiwa na upepo nusu linaonekana sawasawa na lililojaa. Kinachotakiwa ni geji, asubuhi, kabla gari halijatembea, na namba sahihi ni ile iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Fundi anayejaza upepo wa 40 kwenye geji kwa kila gari "kwa sababu ya barabara zetu" anafanya kazi kwa mazoea. Na ukiona ubavu umetoa uvimbe kama nundu ndogo, jua nyuzi za ndani zimeshakatika, mara nyingi kwa tuta au shimo ulilolivaa wiki iliyopita. Tairi hilo halina dawa. Usikubali kuambiwa linaweza kuhamishiwa nyuma.

Ile sehemu ya tairi inayogusa lami ni kama ukubwa wa kiganja cha mkono. Viganja vinne, basi. Farasi wote wale 600, breki zote zile zenye rangi ya njano, usukani wa ngozi, vyote vinafika barabarani kupitia viganja vinne vya mpira. Mchanga wa Coco ukipeperushwa na upepo wa bahari ukatanda juu ya lami, viganja hivyo vinakanyaga punje, si lami. Masika yakianza, maji yakisimama barabarani, tairi pana linapanda juu ya maji kirahisi zaidi kuliko jembamba, na likishapanda unaweza kuzungusha usukani utakavyo, gari linakwenda linakotaka. Matairi yale ya mbio ambayo wenye supakaa wengi huyapenda yana michirizi michache sana ya kutolea maji. Yametengenezwa kwa uwanja mkavu na uliopashwa moto.

Daraja la Tanzanite lina urefu wa kilomita moja na ushee. Bahari iko huku na huku, taa nzuri, na usiku linamshawishi mtu. Kwa kilomita 180 kwa saa unalimaliza kwa sekunde 20 au 21. Ukimwona mtu mbele yako, kabla mguu haujafika kwenye breki sekunde moja na nusu imekwisha, na gari limekula mita 75. Kisha breki zenyewe: supakaa yenye matairi bora na makavu itahitaji mita nyingine 115 au 120. Gari la kawaida linaweza kuhitaji hata 180. Dereva wa mwendo wa kilomita 50 anasimama ndani ya mita 35 kwa jumla. Na upande wa Oysterbay, ukishatoka darajani, wapo watu wanakula mihogo na watoto wanaovuka kufuata mpira wao.

Wanaoamini kwamba gari la bei litawakinga hawajakosea kabisa. Ukifungwa mkanda, lile sanduku la kaboni wanamokaa abiria linaweza kubaki zima baada ya kugonga ukuta. Lakini kugonga ukuta kwa kilomita 100 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 39, ghorofa ya 12 hivi. Kwa kilomita 200 si ghorofa ya 24. Ni mita 157, karibu kilele cha minara mirefu kuliko yote pale Posta, kwa sababu kasi ikizidishwa mara mbili nguvu ya mgongano inazidi mara nne. Gari likisimama ghafla, moyo na ule mshipa mkubwa unaotoka juu yake bado vinaendelea mbele. Mshipa unachanika kwa ndani. Mtu anaonekana hana hata mchubuko, na amekwisha.

Pengine unasoma haya na kusema: hayo ni ya matajiri, mimi nina Crown yangu. Basi tuzungumze hilo, maana supakaa za jiji hili ni za kuhesabu, na zinazonitia hofu zaidi ni Crown, Mark X na Subaru. Gari la Kijapani lililotengenezwa kwa soko la kwao linafungiwa lisipite kilomita 180 kwa saa, na kiwandani linawekwa matairi yanayohimili zaidi ya hapo. Likifika hapa, matairi yakiisha, tunakwenda kununua ya mtumba, tunauliza saizi na bei tu. Mwishoni mwa saizi, kwa mfano 215/60 R16 95V, ipo herufi. T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240, W ni 270, Y ni 300. Herufi hiyo inazungumzia tairi jipya, lenye upepo kamili na mzigo unaostahili. Tairi la T lililokwisha tumika miaka saba huko lilikotoka halina tena ahadi yoyote. Na kijana akifungua njia nane za Kimara hadi Kibaha saa saba za usiku, na wenzake watatu nyuma, anaendesha supakaa yake hapo hapo, bila breki za supakaa.

Kisheria, mwendo ndani ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000. Mwenye Vitz na mwenye Lamborghini wanalipa sawa. Kwa mmoja ni mafuta ya siku mbili, kwa mwingine haifiki hata bei ya chakula chake cha mchana. Finland faini ya mwendokasi inapigwa kwa kipato: mwaka 2023 tajiri Anders Wiklöf alikamatwa akienda 82 kwenye eneo la 50 na akatozwa euro 121,000. Sisemi tuige kesho, mfumo wetu wa kumbukumbu za mapato haujafika huko. Ila kila nikimwona trafiki na tochi yake anamwandikia mtu wa aina hiyo 30,000, naona wote wawili wanajua kwamba ule ni mchezo.

Na nyie wenye simu. Nimeangalia picha za video kadhaa zilizonisaidia kazini, na sauti inayosikika kabla ya kishindo mara nyingi si injini, ni watu wanaopiga kelele "kanyaga!" Ajali ikishatokea, ni wao tena wanaokimbilia kurekodi. Kama upo, piga 114 kwa zimamoto na 112 kwa polisi kwanza. Ukisikia harufu ya petroli, hakuna sigara, hakuna kuwasha gari jirani, na watu wasogee. Majeruhi asiyekuwa kwenye hatari ya moto asivutwe mkono na mguu kutupiwa kwenye bajaji, maana uti wa mgongo uliopona kwenye ajali unaweza kukatika kwenye huruma hiyo. Anayetokwa damu, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, usiachie mpaka wataalamu wafike.

Yule jamaa wa Coco hakufurahi siku ile. Nilimharibia jioni mbele ya mashabiki wake. Wiki tatu baadaye alinitumia picha nne, tairi moja baada ya jingine, namba zote za mwaka huu, na akaandika, "Umeridhika sasa?" Nikamwambia ndiyo, nikamuuliza yale ya zamani ameyapeleka wapi. Akasema ya nyuma yalikuwa mapana mno, hayakupata mtu. Ya mbele fundi aliyanunua palepale, kashata bado zipo, na mteja alikuwa ameshasimama anasubiri.