Dawa ya ukungu wa miwani haifukuzi maji, inayalaza

Wanaovaa miwani Dar wananielewa. Umekaa kwenye AC ofisini Posta tangu asubuhi, saa nane mchana unatoka kutafuta chakula, unafungua mlango tu dunia nzima imekuwa nyeupe, unasimama palepale mpaka lensi zipate joto. Kila mtu ana ushauri wake juu ya hili na mwingi ni wa uongo, tena unaharibu miwani ya watu.

Uongo mkubwa ni kwamba dawa nzuri ni ile inayofukuza maji, lensi iwe kama jani la magimbi, tone likidondoka linabiringika. Hapana jamani. Hiyo ni ya mvua. Ukungu siyo mvuke, ni matone madogo mno yaliyokaa kwenye kioo vidoti vidoti, kila kidoti kinapindisha mwanga kivyake ndo maana unaona weupe. Sasa ukipaka kitu kinachofukuza maji, vidoti vinasimama kama shanga afu havina uzito wa kubiringika vidondoke, kwa hiyo unaona vibaya zaidi. Polima za kuzuia ukungu, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, nyingi zinafanya kinyume, zinapenda maji. Chukua polivinili alkoholi, mnyororo wake umejaa sehemu zinazovuta maji, tone likigusa linatandaa, linaungana na jirani yake, mwisho unabaki utando mmoja mwembamba uliosawazika na mwanga unapita bila kupinda. Maji yapo, ila yamelala.

Nilipaka dawa ya aina hiyo lensi ya kulia peke yake kwenye miwani yangu ya zamani nikaishikilia juu ya kikombe cha chai ya moto. Kushoto pakawa peupe hapohapo, kulia nikaendelea kusoma tarehe kwenye kalenda ya ukutani, ila ukiitazama kwa ubavu unaona inang'aa kama imelowa. Na kweli imelowa.

Kuna wanaosema basi si sabuni tu. Sabuni nayo inafanya maji yasijikunje kuwa tone, sawa, ila haijashika kwenye lensi, ukifuta imeondoka. Polima nayo ingeyeyuka kama minyororo yake isingefungwa pamoja kama wavu ikashikana na kioo. Dawa ya meno usiguse kabisa, ina chembe za kusugulia, lensi ya plastiki inachubuka.

Afu ukishapaka hujamaliza maisha. Polima inakunywa maji mpaka inashiba, ikishiba ukungu unaweza kurudi hadi ikauke. Na ikiwa imelowa inakuwa laini, ndo wakati mbaya kuliko wote wa kufuta kwa ncha ya shati.

Kwenye gari watu wanaamini ukungu uko ndani siku zote. Huku siyo hivyo. Usiku wa joto umepiga AC kali, kioo kinapoa, hewa ya nje ina unyevu wa bahari inageuka maji upande wa nje, we unasugua ndani na taulo mpaka mkono unauma. Pitisha kidole nje, mstari ukitokea washa waipa na punguza baridi. Wakati wa masika mmefunga vioo, watu wanne mmeloa, hapo ndo ukungu unakuwa ndani na AC inasaidia kwa sababu inakausha hewa.

Na dawa hii siyo urembo. Juni 1966 Eugene Cernan wa Marekani alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A huko angani, kioo cha helmeti kikajaa ukungu mpaka haoni, ikabidi akatishe kazi arudi ndani. Waliofuata vioo vyao vikawa vinapakwa dawa.

Boda wangu wa Kijitonyama alikuwa anaendesha kioo cha helmeti kikiwa juu, mvua inampiga machoni, sababu akifunga haoni. Juzi nimempakia ya kulaza maji upande wa ndani unaopata pumzi, ile ya kufukuza maji nikaiweka nje.