Je, wajua manispaa ya Ujerumani inaweza kufa na kijiji kikabaki kizima?

Zamani nikisoma habari za vijiji vya Ujerumani nikakutana na maneno "manispaa ya zamani", moja kwa moja nawaza watu walihama, au vita vilipapiga, basi naona magofu na kanisa lisilo na paa. Kumbe wapi! Ukifika unakuta nguo zimeanikwa, trekta zinapita, na kibao cha njano mwanzo wa kijiji kina jina lile lile, ila chini yake wameandika jina la manispaa nyingine kwa herufi ndogo. Hicho kimstari cha chini ndo habari yote.

Vipo vijiji vilivyokufa kweli, mfano Immerath, kulikobomolewa mpaka kanisa mwaka 2018 kupisha mgodi wa makaa ya mawe. Lakini hata huko manispaa ilishafutwa 1972, kijiji chenyewe kikaja kufuata miaka mingi baadae.

Kilichonipoteza ni neno lenyewe, sisi tukisema manispaa tunaona Moshi au Morogoro, kule hata kijiji cha watu mia tatu kinaweza kuwa manispaa kamili yenye meya na kodi zake. Chukulia kikoba cha akina mama kumi: wana sanduku, daftari, muhuri na mweka hazina wao. Siku wakiunganishwa na kikoba kikubwa cha mtaa wa pili hakuna mama aliyehama nyumba, asubuhi wanasalimiana vile vile, ila sanduku limeondoka, na anayetaka mkopo anaenda kujieleza kwa watu wasiojua hata mwanae anaitwa nani. Manispaa ndo sanduku, kijiji ni wale akina mama.

Miaka ya 1960 na 1970 majimbo ya Ujerumani Magharibi yakaona masanduku yamezidi, manispaa kama 24,000, nyingine hata karani wa kudumu hazimudu. Zikashushwa hadi 8,500 hivi, Bavaria peke yake ikatoka kama 7,000 ikabaki na 2,000 na kidogo. Kama kuna hela iliyookolewa, hapo wataalamu bado wanavutana.

Sasa cheki Ermershausen, kaskazini mwa Bavaria, karibu na mpaka wa Ujerumani Mashariki wa enzi hizo. Mei 1978 kikaunganishwa na Maroldsweisach, wanakijiji wakakataa katakata wakaiziba ofisi ya meya, na tarehe 19 wakaingia mamia ya polisi. Mamia, kwa kijiji kile! Na walichofuata sio bunduki wala mhalifu, ni mafaili. Yaani daftari na muhuri wa kikoba.

Walibishana mpaka 1 Januari 1994, ndo wakarudishiwa manispaa yao. Leo ni watu kama mia sita hivi, wana meya wao, ila makaratasi mengi yanashughulikiwa kwenye ofisi ya pamoja na majirani, iko mji wa Hofheim. Sio Maroldsweisach.