Kiuno Kinachouma Baada ya Mashuti: Maswali ya Wazazi wa Wachezaji wa Lakrosi

Lakrosi ni mchezo gani?
Ni mchezo wa wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Mpira mgumu wa raba hubebwa na kurushwa golini kwa kijiti chenye wavu. Huku Marekani watoto wetu nao wanauanza shuleni.

Nguvu ya shuti inatoka mkononi?
Inaanzia miguuni. Mguu wa mbele unakita chini kama breki, nyonga zinageukia goli huku mabega yamebaki nyuma, kiwiliwili kinajisokota. Mabega yanafuata, kisha mikono: wa chini unavuta, wa juu unasukuma. Ndipo kijiti kinafyatuka, na kwa wanaume wa vyuo mpira unaweza kupita kilomita 140 kwa saa. Nyonga zikikakamaa, mzigo wote unabebwa na kiuno.

Mwanangu anaumwa kiuno upande mmoja. Si msuli tu?
Usiseme msuli kabla hajapimwa. Mashuti mengi huupinda mgongo nyuma na kuusokota kwa wakati mmoja. Yakirudiwa kila siku, mfupa mwembamba nyuma ya pingili ya chini ya kiuno hupata ufa. Wanapokuja kwangu kliniki, namwambia mtoto ajipinde nyuma taratibu. Akikunja uso na kugusa pale pale kwa kidole kimoja, namwandikia kipimo.

Akimeza kidonge kabla ya mechi anacheza vizuri. Kuna ubaya?
Upo, mkubwa. Kidonge kinanyamazisha maumivu, hakiungi mfupa. Tafadhali, msimpe kidonge ili acheze.

Hata mechi moja tu ya fainali?
Hata hiyo. Wengi ninaowaona wamecheza na maumivu kwa wiki nyingi, kocha anasema "kaza," mama anachua kwa mafuta. Ufa unaowahiwa huweza kuunga. Uliocheleweshwa huenda usiunge kamwe.

Eksirei ilionyesha yuko sawa.
Eksirei mara nyingi haioni ufa mchanga. Maumivu yakiendelea, ombeni MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Na asicheze wakati mnasubiri majibu.

Atapumzika muda gani?
Mara nyingi kama miezi 3, akifanya mazoezi ya tumbo na nyonga. Akirudi aanze na pasi fupi. Mashuti ya nguvu yaje mwisho.

Lini ni dharura?
Ganzi sehemu za siri, mguu kulegea, mkojo kugoma au kutoka wenyewe: hospitali usiku huo huo, msingoje asubuhi.