Serikali mtandao na hewa ukaa: tuhesabu safari

Ofisi ikihamia mtandaoni, jambo la kwanza kusifiwa ni karatasi zilizookolewa. Karatasi moja ya A4 ya kawaida ina gramu 5, kwa hiyo faili la kurasa 50 ni robo kilo tu. Sasa mchukue mwombaji wa kibali anayetoka Bunju na gari lake hadi ofisi iliyoko Posta, Dar es Salaam. Kwenda na kurudi ni kilomita 60 hivi, na gari likila lita 10 kwa kilomita 100 linamaliza lita 6. Kila lita ya petroli inatoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, gesi inayochangia joto la dunia, yaani karibu kilo 14 kwa siku hiyo. Akiambiwa "njoo kesho", zinakuwa 28. (Kwa daladala mzigo huo wanagawana abiria wote.)

Ndiyo maana nikipima huduma ya mtandaoni nahesabu safari ilizoondoa. GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki ulioanza 2017, ni mfano mzuri: unapata namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipia kwa simu au kwa wakala wa mtaani, na ofisi inaona malipo yenyewe. Hakuna tena kupeleka risiti ya benki dirishani.

Huduma nyingi hukwama pale fomu inapojazwa mtandaoni halafu mtu anatakiwa kuichapa steshenari, kuigongesha muhuri na kuipeleka pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Cheti hicho kimetolewa na serikali hiyohiyo! Mwananchi anageuka tarishi kwa sababu mifumo haisomani. Dawa yake: orodhesha hatua zote za huduma, weka alama kila inayomtoa mtu nyumbani, kisha uliza hati inayodaiwa iko kwa nani. Ikiwa taasisi nyingine ya umma inayo, mfumo uivute kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Kinachobaki kwa miguu kifanyike siku moja, kwa miadi.

Seva nazo zina hesabu yake. Seva ya wati 300 isiyozimwa inakula uniti 2,628 kwa mwaka, kabla ya kiyoyozi cha chumba chake. Idara kumi zikiwa na seva kumi zinazofanya kazi kidogokidogo, umeme mwingi unapotea bure. Umeme wa gridi ukikatika, jenereta inaongeza kilo 2.7 hivi za hewa ukaa kwa kila lita ya dizeli. Idara hizo zihamishie mifumo yake kwenye kituo kimoja cha data, kisha zile seva za zamani zizimwe kweli, maana mara nyingi huachwa zikiwaka miezi kadhaa "kwa tahadhari".