Soli ya ndani ya buti: usichague kwa ulaini

Juzi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya Mafinga, aliingia mkata miti mmoja na buti zake begani, kamba ya moja imefungwa kwenye ya pili. "Kamwene, fundi," akasema, akaketi kabla sijamkaribisha. Ndala aliyovaa ilikuwa imeliwa upande wa ndani wa kisigino mpaka imebaki kama karatasi. Kabla hajaeleza shida yake nilishaanza kuihisi.

Wako wanaoniita daktari. Si daktari. Nilisomea Moshi utengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kutegemeza mwili, na siku hizi kazi yangu kubwa ni nyayo za watu wanaosimama au kutembea kutwa: wavunaji wa msitu wa Sao Hill, wachuma chai wa Mufindi, wachimbaji wa Chunya, mafundi umeme, na askari wa wanyamapori wanaopanda huku wakiwa likizo.

Nikaingiza mkono kwenye buti la kulia. Ikatoka soli ya ndani ya kiwandani, imelala bapa. Chini yake kulikuwa na kipande cha godoro kilichokatwa kwa panga. Chini ya godoro, boksi la karatasi lililolowa mpaka likawa uji.

"Nimeifanya laini kabisa," akaniambia, kwa fahari kidogo. "Ila kisigino asubuhi, mama yangu!"

"Ukitoka tu kitandani?"

"Hapohapo. Hatua kama kumi hivi nakanyaga msumari, halafu kinaachia. Jioni kinarudi."

Maelezo hayo nayasikia karibu kila wiki, na mara nyingi anayeyatoa ameshaongeza kitu laini ndani ya kiatu. Chini ya wayo kuna utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kwenda kushika chini ya vidole, kama kamba ya upinde. Ukikanyaga, upinde wa mguu unashuka kidogo na utando unavutika. Ukivutwa kupita kiasi kwa miezi, unauma pale uliposhikia kisigino. Usiku mguu ukipumzika, utando huo unajikaza, ndiyo maana hatua za kwanza za alfajiri ni chungu. Sasa mtie mtu huyo kipande cha godoro. Kisigino kinazama, kinayumba kulia na kushoto, upinde haupati cha kuegemea, na utando unaendelea kuvutwa kwa kila hatua. Akiwa ameketi dukani anaona raha. Akiwa mteremkoni, na msumeno wa injini mkononi, raha hiyo haipo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza soli ipi inunuliwe, namwambia aanze na kidole gumba chake. Iweke soli mezani, bonyeza pale penye tuta la upinde. Gumba likizama mpaka ukasikia meza, ulichoshika ni mto. Tegemeo linatakiwa lishuke kidogo kisha likusukume. Halafu ishike mbele na nyuma uikamue kama unavyokamua nguo. Sehemu ya kisigino mpaka katikati ikatae kujisokota, ya mbele ikunjike kirahisi, kwa sababu ndipo mguu wenyewe unapokunjika. Mwisho tazama kisigino. Nataka kikombe chenye kingo, siyo ubapa. Chini ya mfupa wa kisigino kuna mto wa mafuta tuliozaliwa nao, na kikombe kinauzuia usitawanyike pembeni unapoukanyaga. Hakuna sponji ya dukani inayoufikia huo wa kuzaliwa, kwa hiyo kazi ya soli ni kuukusanya.

Ulaini nao una mahali pake. Tabaka jembamba la juu, la milimita mbili tatu, linasaidia ngozi isisuguliwe. Kwa anayesimama kutwa juu ya zege, tabaka hilo linaweza kuwa nene zaidi. Kosa ni pale ulaini unapokuwa ndio soli yote.

Habari ya urefu wa upinde imezungushiwa maneno mengi kuliko inavyostahili. Lowesha wayo, kanyaga sakafu ya saruji iliyokauka, tazama alama. Ikionekana yote, upinde wako ni wa chini; ukiona kisigino na mbele vimeunganishwa na utepe mwembamba tu, upinde ni wa juu. Ni vizuri kujua, lakini alama hiyo inaonyesha umbo na haisemi lolote kuhusu nguvu. Wako watu wenye nyayo bapa wanaobeba magunia ya viazi kutoka mashamba ya Uyole miaka nenda rudi na hawajawahi kuumwa. Hao siwauzii kitu. Mwenye upinde wa juu ndiye ninayemwangalia zaidi, kwa sababu mguu wake ni mgumu, haunyonyi vishindo, na uzito wote unatua sehemu mbili.

Linalosahaulika ni mahali upinde unapokaa. Watu wawili wanaovaa namba 42 wanaweza kutofautiana: mmoja ana vidole virefu na wayo mfupi, mwingine kinyume chake. Simama juu ya soli ikiwa sakafuni, kisigino kimekaa barabara kwenye kikombe, kisha papasa lile fundo la kidole gumba, pale kinapoungana na wayo. Sehemu ngumu ya soli iishie nyuma kidogo ya fundo hilo. Ikilivuka, kila hatua utakuwa unapigana nayo. Hapa ndipo wanunuzi wa buti za mitumba wanapoumia. Umepata buti nzuri ya ngozi namba 44, mguu wako 42, ukanunua soli ya 44 ili ijaze. Tuta la upinde limekwenda mbele, kisigino kinaelea. Soli haigeuzi buti kubwa kuwa saizi yako.

Tuje kwenye nafasi, maana soli nyingi nzuri hurudishwa dukani kwa sababu hii. Kanuni ya kwanza: toa ile ya kiwandani kabla ya kuweka mpya. Utashangaa wangapi wanaipachika juu yake. Ukishaitoa, usiitupe, ilaze juu ya mpya, linganisha visigino, chora kwa kalamu, kata mbele kidogokidogo kwa mkasi mkali. Ukikata kupita, hakuna kurudisha. Halafu vaa soksi zile unazofanyia kazi, siyo za kanisani, na ufanye jaribio jioni, kwa kuwa mguu wa jioni umevimba kuliko wa asubuhi. Simama. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole. Tembea: kisigino kikipanda na kushuka ndani ya buti, soli imekuinua mno na sehemu ngumu ya nyuma ya buti haikushiki tena. Vidole vikigusa paa, hasa kwenye buti zenye chuma cha mbele, itoe mara moja. Chuma hakitanuki. Ngozi ya kawaida itakusamehe baada ya wiki, chuma kitakutoa kucha.

Na ukiwa fundi umeme, au buti zako zimeandikwa S3 au namba ISO 20345, yaani alama za viwango vya buti za usalama, usibadilishe soli kiholela. Buti yenye soli ya kutolewa hupimwa ikiwa na soli yake ndani, ikiwemo namna inavyopitisha umeme tuli. Ukiweka nyingine, kipimo kile hakikuhusu tena. Muulize anayesimamia usalama kazini kwenu ni soli zipi zinazokubalika kwa buti hizo.

Huku kwetu mteremko ndio unaoharibu. Kupanda huumiza mashavu ya miguu, lakini kushuka ndiko kunakotoa malengelenge na kucha nyeusi. Ukishuka kutoka juu ya Tukuyu au kwenye makorongo ya Mufindi, mwili mzima unasukuma vidole mbele. Soli inayoteleza ndani ya buti husafiri pamoja na mguu na kujikunja mbele kama mkeka. Kwa hiyo angalia chini ya soli kama panashika, na juu pawe na kitambaa chenye ukwaruzo kidogo badala ya plastiki inayong'aa. Kabla ya kushuka, kaza kamba za pale mguu unapokunjika kwenye kifundo, za mbele ziache zipumue. Hilo ni bure na linasaidia kuliko nusu ya vitu vinavyouzwa.

Kwa wa mabuti ya mpira, wale wa mashamba ya viazi na pareto, na yeyote anayeamkia Kitulo mwezi wa saba, shida ni baridi na jasho kwa pamoja. Sponji ikikandamizwa haibaki na hewa, na bila hewa hakuna joto. Sufu ya kondoo iliyoshindiliwa, juu ya soli ngumu kiasi, ni bora zaidi. Uwe na jozi mbili, moja mguuni, nyingine inaning'inia. Kukausha ni kuzitoa nje ya buti kila jioni na kuziweka kivulini penye upepo, na ndani ya buti kujaza magazeti. Usiziweke kando ya jiko la mkaa. Gundi inaachia, sponji inasinyaa, ngozi ya buti inapasuka, kisha unaniletea mimi ukisema bidhaa ni feki.

Wenzetu wa bondeni wana shida nyingine. Askari wa doria katika Pori la Akiba la Rungwa, na wanaowasindikiza wawindaji wenye vibali, hutembea kutwa kwenye joto, tambarare na mchanga. Mguu unavimba, vumbi linaingia, na soli iliyokuwa sawa Mbeya mjini inabana mchana. Hao nawashauri soli nyembamba yenye umbo imara, na buti yenye nafasi zaidi. Soli nene yenye joto wawaachie watu wa Njombe.

Nami nimewahi kukosea, tena kwenye miguu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilijichongea soli yenye upinde mrefu, ngumu kama ubao, nikajiona mtaalamu, nikaivaa siku nzima kupanda na kushuka milima. Jioni magoti yaliniuma kuliko nyayo. Soli haikuwa mbaya, niliivaa kwa pupa. Mguu uliozoea kulala haukubali kusimamishwa kwa siku moja. Tangu hapo nawaambia watu: siku ya kwanza saa mbili, kesho ongeza kidogo, wiki mbili ndipo uivae kutwa. Kuhisi kama umekanyaga kitu chini ya upinde siku za mwanzo ni kawaida. Maumivu makali, ganzi, au alama nyekundu isiyofutika si kawaida, itoe.

Mwenye kisukari asifuate lolote kati ya haya bila kupimwa miguu kwanza. Ganzi inamdanganya, na ukingo mgumu unaweza kumtoboa asijue. Kila asubuhi aingize mkono ndani ya buti kabla ya kuingiza mguu.

Mara nyingi huulizwa kama lazima soli ichongwe kwa kipimo cha mguu wako. Kwa maumivu ya kisigino ya kawaida, soli iliyotengenezwa tayari, ikipita mtihani wa gumba na kukaa mahali pake, mara nyingi inatosha. Za kuchonga nazihifadhi kwa miguu yenye ulemavu, yenye vidonda, au iliyowahi kuvunjika. Nikisema hivyo napoteza pesa, najua. Na kwa mtu wa kazi ngumu, itazame kila miezi sita: tuta likishuka au kikombe kikipasuka, imekwisha hata kama juu bado ni safi.

Yule mkata miti nilimtolea matabaka yote matatu, nikamwekea soli ya ugumu wa kati yenye kikombe kirefu, nikaikata mbele mara mbili mpaka ikakaa. Nikamwonyesha namna ya kunyoosha shavu la mguu akiegemea ukuta, goti la nyuma limenyooka, kisigino hakitoki chini, na kuviringisha chupa chini ya wayo jioni. Akasimama, akazunguka meza yangu, uso umekunjamana.

"Mbona ngumu?"

"Vaa saa mbili tu leo. Wiki ijayo uniambie."

Akaitazama ile takataka sakafuni. Boksi akaliacha. Kipande cha godoro akakiokota, akakikung'uta, akakitia kwenye mfuko wa koti.

"Hiki nitakalia kwenye lori," akasema.